Ndege kwa Picha, Firigisi kwa Mshindi

Jericho, Nairobi
9 Februari 2025

TANGAZO RASMI

Kwa wote wanaohusika, yaani wewe peke yako: inatangazwa kwamba kuanzia leo, baada ya mashauriano marefu kati yangu na kikombe cha chai, Mashindano ya Kutambua Ndege kwa Picha yamefunguliwa. Hakutakuwa na hotuba. Bendi imeomba radhi.

Dada Phelister,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo. Goti la wifi yako Kezia limeanza kumtii tena, ila kanisani tu. Kwenye foleni ya maji bado linagoma. Mwanetu Frankline amepata kazi ya ofisi huko Viwandani na sasa anavaa shati jeupe hata Jumamosi, majirani wasije wakasahau.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu nistaafu kazi ya reli nimekuwa nikikaa kibarazani na ile kamera yangu ya mtumba, nikiwapiga picha ndege wanaotua kwenye mapaa ya hapa. Wewe nawe, tangu binti yako Winny akununulie kamera, hunipigii simu ila kunisimulia ndege wa huko ukingoni mwa msitu. Miaka yote hii kila mmoja wetu anajisifu kwamba yeye ndiye mjuzi, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa na mtu. Basi tupimane.

Kanuni ni chache. Kila barua ibebe picha moja, iliyochapishwa kwa karatasi. Simu ni marufuku, kwa sababu siku hizi ukiionyesha simu picha ya ndege inakutajia jina lake, kama mwanafunzi aliyenong'onezewa jibu. Mbuthia wa studio pale sokoni atanichapishia zangu. Anayejibu ataje jina na atoe ushahidi. Jina lisilo na ushahidi ni uvumi. Na tukipigiana simu tutazungumza magonjwa na mazishi kama watu wengine. Ndege ni kwa barua.

Picha ya kwanza hii hapa. Mkia tu ndio unaochungulia nyuma ya tangi la maji. Zawadi pendekeza wewe, mradi isiwe ng'ombe.

Mdogo wako,
Zedekiah


Shinyalu
2 Machi 2025

Mdogo wangu Zedekiah,

Bwana asifiwe. Barua yako ililala ofisi ya vifurushi wiki nzima kwa sababu uliandika "Phelister, karibu na msitu", na huku kila mtu yuko karibu na msitu. Sisi wazima. Mvua ilichungulia ikarudi ilikotoka. Winny amejifungua salama, msichana, na sauti yake ya alfajiri ni ya ndege kwarara kabisa. Mimi sasa ni nyanya na silali.

Mkia ule ni wa ndege-panya. Ushahidi: ni mrefu kuliko mwenyewe, umechakaa nchani, na pembeni naona ukucha umekumbatia bomba kama mwizi anayeshuka ukutani. Hakuna ndege mwingine asiyeona haya kutambaa. Nipe alama yangu.

Kuhusu zawadi, nimefikiri. Sitaki kitenge, sitaki kikombe cha kuchongwa jina. Krismasi mnakuja nyumbani, na kama kawaida atachinjwa jogoo. Mshindi ndiye atakayekula firigisi.

Najua umeiweka barua mezani. Ichukue. Nimesema firigisi. Nina miaka sitini na minne, nimechinja kuku wa harusi na wa matanga, na sijaionja hata siku moja. Alikula baba. Akala mume wangu, Mungu amrehemu. Sasa unakula wewe, na usipokuwepo anapewa mkwe. Mimi hupewa shingo na shukrani. Ukinishinda, utaendelea kula na hutanisikia nikinung'unika hadi kaburini. Nikikushinda, nitaila mimi, mezani, mbele ya watu, si kwa kujificha jikoni nyuma ya sufuria.

Picha yangu hii. Yuko juu kabisa ya mti na jua lilikuwa nyuma yake, lakini kwa mjuzi kama wewe hilo si neno.

Dada yako,
Phelister


Jericho
30 Machi 2025

Dada Phelister,

Hongera kwa mjukuu. Kezia amekwisha anza kumfumia kofia, na kwa ukubwa wake nadhani ataivaa akiwa kidato cha pili. Sisi tunaendelea vizuri.

Suala la firigisi lilinifikia likanikalisha chini. Nilimwuliza Kezia maoni yake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamwendea mzee wa kanisa. Akasema Maandiko hayaitaji firigisi popote, kisha akanitazama kwa huruma kama mtu aliyefilisika. Nimekubali. Nimekubali kwa kuwa sitashindwa.

Alama ya ndege-panya ni yako. Ndege wako naye ni hondohondo. Ushahidi: ni mkubwa, yuko juu ya mti, na mti uko huko kwenu Kakamega. Andika alama moja kwangu.

Sasa tazama huyu. Nimempata kwenye waya wa stima, njia ya kwenda Kaloleni. Alitulia tuli, hakushtuka hata niliposogea chini yake kabisa. Ni nadra siku hizi kukuta ndege mwenye adabu ya namna hiyo.

Mdogo wako,
Zedekiah


Shinyalu
27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Salamu za Pasaka, ingawa zimechelewa. Mvua imefika kwa kishindo na choo cha jirani kimeanguka, bahati nzuri hakikuwa na mtu. Mtoto ameitwa Warigia, kwa upande wa baba yake, na mimi nimeongeza Phelister katikati bila kuuliza mtu.

Picha yako nimeipokea. Niliivalia miwani, nikaitoa nje juani, nikaigeuza, mwishowe nikamwita Winny. Zedekiah, ndege wako ana kamba. Ni kiatu. Ni kiatu cha kuchezea mpira, kimetupwa kikanasa kwenye waya. Winny anasema huko kwenu vijana hukiita njumu. Ushahidi: kina matundu ya kamba na soli yake ina meno.

Halafu, wangu si hondohondo. Ni shorobo. Hondohondo ni mweusi kwa mweupe kama mtawa; shorobo ni samawati kutoka utosini hadi mkiani, na huyu alijaa karatasi yote. Jua lilikuwa nyuma, sawa, lakini samawati yote ile uliiweka wapi?

Na jambo jingine. Herufi zako zimenenepa. Zamani uliandika kama karani wa reli, mistari ikifuatana kama mabehewa. Sasa maneno mawili yanamaliza mstari na mstari wenyewe unateremka mlima. Kuna nini?

Picha ya leo ni rahisi. Yuko kwenye mti mkavu juu ya kijito, amekaa akikutazama.

Dada yako,
Phelister


Jericho
8 Juni 2025

Dada Phelister,

Nimechelewa kujibu na sababu ni nyingi, kwa hiyo sitazitaja. Tuko salama. Mvua ilitutia maji mpaka mlangoni ikaona hatuna kitu, ikarudi. Kofia ya Warigia imekamilika. Ina mlango, karibu.

Kile kiatu kilikuwa mtego. Nilitaka kujua kama unatazama au unabahatisha. Umefaulu, pokea alama. Siku ile nilipokuwa nikikipiga picha, vijana wa pale kona walinizunguka. "Niaje, buda? Mbona unapiga picha stima? Umetumwa kutukatia?" Nikawaambia hapana, nampiga ndege. Wakatazama juu. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Sawa buda, endelea tu," kwa heshima kubwa sana. Watu wanawasema vibaya vijana wa Eastlands, lakini mimi sijaona.

Herufi ni kalamu. Kezia alininunulia kalamu nene.

Ndege wako ni shore. Ushahidi: amekaa, ana mdomo, na hana haraka.

Ukiona alama zinakufuata sana mwaka huu, usiniulize maswali. Mtu akijua dada yake ana hamu ya kitu, zipo njia za kiungwana za kumfikishia.

Mdogo wako,
Zedekiah

Kezia anasema hajaninunulia kalamu yoyote. Mpuuze, amesahau.


Shinyalu
29 Juni 2025

Zedekiah,

Salamu zipo, utazikuta mwisho.

Kwanza, aliyetega kiatu hawaambii vijana kwamba anampiga ndege. Pili, yule hakuwa shore. Alikuwa mdiria, samawati mgongoni, mdomo mwekundu kama kaa la moto. Mtoto mdogo angeuona. Kwa hiyo nimekuelewa: unashindwa makusudi. Umekaa huko Jericho ukaamua kwamba dada mzee aionje firigisi kabla hajafa, akifurahi utakuwa umefanya wema.

Sitaki firigisi ya huruma.

Unakumbuka Krismasi ile tukiwa nyumba za reli kule Makongeni, baba akiwa zamu? Jogoo nilimkamata mimi, akanichana mkono. Nikamnyonyoa mimi. Nikamkata mimi. Mama akachukua firigisi akaiweka kwenye sahani yako, eti siku hiyo mwanamume wa nyumba ni wewe. Mwanamume wa nyumba alikuwa na miaka minane na kaptura iliyopasuka nyuma. Na hukunimegea. Uliitafuna polepole ukinitazama machoni.

Kwa hiyo usiniletee leo kwenye kijiko cha huruma. Ningetaka kupewa ningeomba zamani. Nataka niishinde, wewe ukiwa umepigana kwa nguvu zako zote, nione uso wako.

Nakutumia picha moja. Huyu hata Warigia anamjua, na bado hajaota jino. Ukimkosea huyu nitajua unanidharau, na mashindano yamekufa. Shingo nitaendelea kula, nimeizoea.

Salamu kwa Kezia peke yake.

Phelister


Jericho
20 Julai 2025

Dada Phelister,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Nimeamua kujibu kama mtu mzima.

Sikukuonea huruma hata kidogo, naapa kwa goti la Kezia. Ili kukuthibitishia, nimekaa na picha yako siku nyingi. Nimeitazama asubuhi kibarazani, nimeitazama mchana dirishani, nimeisogeza karibu na nimeisogeza mbali. Nduta, jirani yangu, akaniuliza kama nimefiwa. Nimetumia kila nilichojifunza, na jibu langu ni hili, na niko tayari kulitetea mbele ya jopo lolote la wataalamu.

Ni tai.

Ushahidi: amesimama juu ya jabali peke yake. Kifua kiko mbele. Kichwa kimeinuka kwa kiburi cha mtawala wa anga. Miguu ina nguvu na kucha zake zinaonekana wazi. Mdomoni pananing'inia kitu chekundu, bila shaka nyama mbichi ya mawindo. Nakupongeza kwa ujasiri wako wa kumsogelea kiasi hicho, wengi wameumia.

Kama hii nayo utaiita huruma, basi sina la kuongeza.

Mdogo wako,
Zedekiah


Shinyalu
3 Agosti 2025

Zedekiah ndugu yangu,

Huyo ni kuku.

Ni jogoo wetu, yule wa Krismasi, amepanda juu ya jiwe la kufulia nguo. Kile chekundu ni ndevu zake.

Nimekukasirikia bure. Mtu anaweza kujifanya hamjui shorobo. Anaweza kujifanya hamjui mdiria. Lakini bado hajazaliwa Mluhya wa kujifanya hamjui kuku. Hata ungetaka kunidanganya, ulimi ungekataa. Marehemu baba alikuwa akisema mtoto wetu ukimwonyesha kivuli tu cha ingokho, yaani kuku, ataulizia ugali uko wapi. Na wewe umemwona jogoo mzima, amesimama juani, ukamwandikia hotuba.

Kwa hiyo huoni. Ndiyo sababu ya kalamu, ndiyo sababu ya kiatu. Tangu lini? Kwa nini ulinyamaza?

Usinijibu kwa barua. Jumanne nafika. Nimekwisha kata tiketi. Msinipikie, na usinieleze habari za vumbi la Nairobi. Tunakwenda kliniki ya macho mimi na wewe, na ukikataa nitakubeba mgongoni mbele ya vijana wako wa kona, kama nilivyokubeba ukiwa na surua.

Dada yako anayekupenda,
Phelister


Jericho
21 Septemba 2025

Dada Phelister,

Tazama herufi zangu. Mabehewa yamerudi relini.

Natumaini ulifika salama na kwamba Warigia alikukumbuka. Hapa tangu uondoke nyumba imepoa. Kezia anakusifu kupita kiasi, hasa ile sehemu uliponiambia niketi, nikaketi.

Niliyoshindwa kukwambia uso kwa uso naandika. Ilianza mwaka jana, kama mvuke wa chai ambao haukuisha. Nikasema ni moshi wa takataka. Nikasema ni miwani. Baadaye sikusema kitu, kwa sababu mtu aliyejitangaza bingwa wa kutazama anaanzaje kuwaambia watu kwamba haoni? Uliponishtaki kwa wema nilishukuru moyoni. Niliona afadhali uniite mkarimu kuliko uniite kipofu. Sikufikiria kwamba hilo ndilo lingekuumiza. Nisamehe.

Daktari alisema mtoto wa jicho alikuwa amekomaa hadi kustahili kitambulisho. Jicho la pili litafanyiwa upasuaji mwakani. Walipofungua bandeji, wa kwanza kumwona alikuwa Kezia. Nikamwambia, "Mama Frankline, umezeeka." Akasema, "Na wewe umepona." Mlango wetu ni wa samawati, ulijua? Mimi mwaka mzima nilikuwa nikimlaumu Frankline kwa kuupaka kijivu. Na nimekwenda kukitazama kile kiatu. Bado kipo. Ni cha mguu wa kushoto. Wale vijana waliponiona wakanipigia saluti. "Buda, ndege wako hajahama!"

Sasa jambo la maana. Nimezitoa picha zako zote nikazitazama upya, nikaona aibu moja baada ya nyingine. Kwa haki yako na yangu, alama zote zifutwe. Picha moja yangu, picha moja yako, basi. Tukipata wote au tukikosa wote, tutarudia. Sitakubakizia hata tone la huruma, na wewe usinibakizie, maana nakujua, ukimwona mgonjwa unalainika. Kisha naongeza kanuni: atakayeshindwa ataipika firigisi kwa mikono yake mwenyewe na kumwandalia mshindi mezani.

Picha hii nimeipiga juu ya paa la studio ya Mbuthia. Mbuthia mwenyewe amemkosa, na anaishi chini yake.

Mdogo wako mwenye jicho,
Zedekiah


Shinyalu
19 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Nimelia kidogo kwa barua yako, nikavisingizia vitunguu, Winny akaniuliza vitunguu viko wapi. Yamekwisha. Tunaendelea vizuri, Warigia ameota meno mawili na ameyajaribu kwenye kidole changu.

Kanuni nimezikubali zote. Na kwa kulainika, subiri uone.

Ndege wako umemchagua kwa ujanja. Mdomo wake ni mfupi na umenyooka, mwili umefumuka kama mto wa kulalia, na ukitazama haraka utasema ni kuku wa mtoni au bata aliyepotea. Ni kwarara, lakini mtoto. Mdomo wake bado haujarefuka ukapinda. Ushahidi: ule mng'ao wa kijani begani, mdogo kama doa la mafuta, na jinsi anavyolielekeza jicho kwa mtu kama anayedai. Hakuna ndege mwingine anayezaliwa na malalamiko.

Sasa wa kwako. Yuko kwenye ua la mgomba nyuma ya jikoni yangu. Mwanga ni mzuri, nimemsogelea, hakuna kilichofichwa. Chukua muda wako wote.

Dada yako,
Phelister


Jericho
9 Novemba 2025

Dada Phelister,

Kwarara mtoto, ni kweli. Mbuthia amenuna, alikuwa amesema ni njiwa mgonjwa.

Tuko salama. Frankline ameleta msichana kutusalimia, anaitwa Jacklyne, ana adabu na anajua kuosha vyombo bila kuvipigisha kelele. Kezia amekwisha anza kufuma kitu. Sijauliza ni nini.

Ndege wako nimemtazama kwa jicho jipya, na kwa raha kubwa, maana naona hadi chembe ya vumbi kwenye jani. Nimemkagua mzima. Mgongo wa kahawia. Tumbo la rangi ya maziwa yaliyolala. Hana mng'ao, hana doa, hana shada, hana kitu. Umenitega kwa ndege asiye na habari. Ni mmoja wa wale ndege wadogo wa vichakani, wa kahawia, ambao hata vitabu huwapita bila kusimama. Ushahidi: hana cha kushuhudia.

Nasubiri matokeo kwa utulivu wa mshindi.

Mdogo wako,
Zedekiah


Shinyalu
30 Novemba 2025

Zedekiah,

Ana jina. Ni chozi jike.

Dume wake unamjua, kila mtu anamjua: kijani na zambarau, anang'aa kama kanzu ya kwaya. Jike ni huyo. Mdomo wake ni mwembamba, umepinda kama sindano ya kushonea magunia, na ameuzamisha ndani ya ua la mgomba mpaka machoni. Ndege wa vichakani wa kula wadudu hana kazi hiyo wala hana mdomo huo. Wewe ulipewa jicho ukalipeleka kwenye rangi. Mdomo hukuutazama.

Nimeshinda. Lakini kabla sijafurahi nijibu swali moja, na unijibu kama ungekuwa mbele ya marehemu mama. Ulinionea huruma?

Phelister


Jericho
7 Desemba 2025

Dada Phelister,

Mbele ya marehemu mama: hapana. Nilipigana kwa nguvu zangu zote na nikashindwa kwa jicho zima. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilikwisha mwambia Nduta nimeshinda, na sasa kila nikipita kwenye meza yake ya mboga ananiuliza, "Mzee, firigisi iko aje?" Ungetaka kuuona uso wangu. Kezia ameuona na anasema ulikuwa wa kupigwa picha.

Tunafika tarehe ishirini na tatu. Adhabu yangu nitaitumikia yote. Jogoo nitamchinja mimi, nitamnyonyoa mimi, nitampika mimi. Nimejinunulia viatu vipya vya akala pale Kariokor ili nisiteleze jikoni. Na natoa onyo mapema: sitaki mwanamke yeyote aingie kunielekeza, si Kezia, si Winny, wala wewe. Nimekula kuku miaka yote hii, siwezi kushindwa kumpika mmoja.

Waalike wakwe. Mwalike na mchungaji. Nataka waone.

Mdogo wako,
Zedekiah


Shinyalu
4 Januari 2026

Mdogo wangu mpenzi,

Heri ya mwaka mpya. Nafurahi mlifika salama na kwamba daktari amekupa tarehe ya jicho la pili. Huku nyumba ni kubwa tangu mwondoke. Warigia anaitazama kofia ya Kezia kwa heshima, tumeamua kuwekea mayai ndani yake kwa sasa.

Siku ile watu walikuwa wengi, sikupata nafasi ya kukushukuru inavyofaa, kwa hiyo nashukuru leo.

Nakumbuka ulivyotoka jikoni, jasho likikutiririka, manyoya mawili yamenasa kwenye nyusi, umebeba sahani moja kwa mikono miwili. Katikati ya sahani ile kubwa, firigisi peke yake. Winny alikuwa ametaka kuingia kukusaidia ukamfungia mlango: "Hakuna mwanamke humu!" Nikasikia vifuniko vikianguka, nikajizuia.

Nakumbuka ulivyowapita wakwe wote, ukampita na mchungaji aliyekuwa amekwisha nyoosha mkono, ukaja kusimama mbele yangu. Ukasema, "Hii ni ya dada yangu. Hakupewa. Ameishinda." Baba mkwe wa Winny alikohoa. Hakuna aliyecheka. Nimengoja neno hilo tangu Makongeni, Zedekiah, na sikujua kama nalingoja.

Niliitia yote mdomoni. Nilitafuna kwa muda mrefu, na chumba kizima kikinitazama. Machozi yakanitoka. Mchungaji akasema, "Mwacheni mama, ni furaha." Wewe nawe ukaanza kulia kwa jicho lako jipya, nikaogopa litaharibika. Ukaniuliza, "Ni tamu?" Nikasema ndiyo. Niliimeza yote, mpaka chembe ya mwisho, na mbele ya watu.

Jogoo wa mwaka huu amekwisha nunuliwa, na nimeanza kupiga picha. Jiandae.

Dada yako, mshindi,
Phelister

N.B. Firigisi hupasuliwa kwanza. Ndani huwa na mchanga.